KWA NINI JIRANI HAENDI KLINIKI?



Leo ni siku ya kliniki. Mtoto wa jirani yako ametimiza miezi 9. Anatakiwa kuchanjwa surua. Lakini mama yake yuko shambani, anapalilia. Watu wanasema, "Mama yule hajali mtoto wake." Je, ni kweli?

Mama huyo si mzembe. Ghala lake ni tupu. Asipopalilia sasa, atavuna kidogo. Surua hajaiona, lakini njaa anaiona kila siku. Njaa ndiyo inayomsukuma.

Mtaalamu wa Marekani, Abraham Maslow, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1943. Alieleza mahitaji ya binadamu kwa ngazi tano, kuanzia chini:

1. Mwili: chakula, maji, usingizi.
2. Usalama.
3. Upendo na kuwa pamoja na wenzake.
4. Heshima.
5. Kukuza uwezo na kipaji chake.

Kwa kawaida, hitaji la chini lisipotimizwa, ndilo humsukuma mtu zaidi. Lakini si hivyo kila mara. Mara ngapi mama hujinyima chakula ili mtoto ashibe? Hapo upendo umeshinda njaa.

Tufanye nini basi? Usimsengenye jirani. Mwendee, umuulize, "Mwenzangu, nini kinakuzuia?" Kisha sikiliza.

Kama ni palizi, msaidieni kupalilia ili apate nafasi ya kwenda. Kama anaogopa kuwa sindano itamdhuru mtoto, hilo ni hitaji la usalama. Mpelekeni kwa muuguzi amweleze. Kama anaona haya kwa sababu nguo za mtoto zimechakaa, hilo ni hitaji la heshima. Mfuate nyumbani, mwende pamoja.

Kumbuka, surua huambukiza upesi. Inaweza kupofusha mtoto au kumwua. Siku ya chanjo ikipita, mama asikate tamaa wala asione aibu. Ampeleke mtoto mapema iwezekanavyo. Bado atachanjwa.

Mtu akikataa ushauri wa afya, usiseme haraka kwamba ni mjinga. Tafuta kwanza kinachomsumbua.

MASWALI YA KUJADILI
1. Taja ngazi tano za mahitaji ya binadamu.
2. Ni jambo gani huwazuia akina mama wa kijiji chenu kwenda kliniki?
3. Mtasaidianaje wakati wa palizi ili kila mtoto achanjwe?