Haki ya Mwenye Kuumia Kazini

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu, darasa letu la leo ni juu ya mtu aliyevunjika kiungo akitafuta riziki ya halali: je, anacho cha kudai, au ni wa kuhurumiwa tu?

Tumechagua mfano wa Garissa. Utasema Garissa haina bahari. Mji wa ngamia na wa mto Tana una nini na mambo ya vyombo na bandari? Twajibu: Ijara, iliyo katika kaunti ya Garissa, imepakana na Lamu, na tangu Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu imefunguliwa, na njia ya kutoka bandarini hupanda mpaka Garissa. Mwana wa mfugaji leo aweza kuwa hamali wa melini, au utingo wa lori, au baharia. Msiba wake ni msiba wetu sisi wa Mombasa na Lamu.

Sasa tazama ajabu hii. Huko Garissa, Wajir na Mandera, mtu akiuawa kwa kosa, wazee hukaa kufanya maslaha, wakahesabu ngamia mia za diya, wala hapana anayeona haya kudai. Lakini kijana huyo huyo akianguka ndani ya ngama ya meli akavunjika uti wa mgongo, hao hao husema: "Ni kadari, tumshukuru Mungu." Mwajiri huleta elfu ishirini na gunia la mchele, watu wakamwombea dua, na mambo yakaisha.

Kadari twaiamini. Lakini je, aliyeuawa kwa kosa hakufa kwa kadari? Pamoja na hayo Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Nisaa, amewajibisha diya. Basi kuamini kadari hakufuti haki ya mja. Subira ni ya aliyeumia. Kulipa ni kwa anayedaiwa. Asiyelipa hana ruhusa ya kumhubiria mwenziwe subira.

Huenda mwanachuoni akatuambia: "Diya ni juu ya aliyeua, na mwajiri hakumsukuma mtu." Neno hili ni la kweli, wala hatulikanushi. Ndiyo maana hatusemi kuwa fidia ya kazini ni diya. Twasema ni sharti la mkataba. Sura ya Maida yaanza kwa kuamrisha kutimiza mikataba, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao, ila sharti lenye kuhalalisha haramu. Anayeajiri mtu katika Kenya ameajiri chini ya sheria aijuayo, na fidia ni katika masharti yake.

Sheria yenyewe ni ile ya mwaka 2007 ya mafao ya walioumia kazini. Humhusu aliyeajiriwa kwa ujira, kwa karatasi au kwa kauli. Matibabu ni juu ya mwajiri. Aliyepoteza uwezo wa kazi daima hustahili mapato ya miezi 96. Na akifa, hayo ni ya wale waliokuwa wakimtegemea. Aliyepata elfu thelathini kwa mwezi, haki yake ni karibu milioni mbili na laki tisa. Ilinganishe na gunia la mchele.

Lakini haki hii ina mlango na ina muda. Mwajiri apaswa kumpasha khabari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku saba, na kama ni kifo, katika saa 24. Dai lipelekwe kabla haijapita miezi kumi na miwili. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga, kisha mahakama. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi. Basi maslaha yanayovutwa mwaka mzima humnyima mtu haki yake, hata kama wazee wana nia njema. Na kidole kilichotiwa wino juu ya karatasi ya kusamehe fidia hakina nguvu, kwa kuwa sheria imebatilisha maafikiano ya namna hiyo. Yatupasa tukumbuke aya ya deni katika Sura ya Baqara: andikeni, mshuhudishe. Siku ya ajali yaandikwe majina ya mashahidi, na karatasi za hospitali zihifadhiwe.

Wako wanaoogopa fedha hii kwa sababu ya bima. Sisi twaona haki ya mfanyakazi iko juu ya mwajiri, naye mwajiri ataulizwa namna alivyoipanga. Mwenye kuchelea shaka na aingie takaful, ambayo iko Kenya tangu 2011. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa kwa njia hiyo kwa sababu ya ukame.

Ama baharia wa meli kubwa, ana ngao nyingine: mkataba wa kimataifa wa kazi za bahari wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2014, unaomlazimisha mwenye meli kumtibu aliyeumia na kuwa na dhamana ya kulipa madai yake.

Lakini mkataba huo umeyatoa majahazi na vyombo vya uvuvi. Na wenye majahazi ni nani, ndugu zetu, ila sisi? Baharia wetu alipwaye ujira bado aweza kudai kwa sheria ya 2007. Lakini agawiwaye fungu la samaki ni taabu kuthibitisha kuwa ana mwajiri. Huyo amebaki na dhamiri ya mwenye chombo tu. Basi kabla hatujawalaumu wenye meli za kigeni, kila mwenye jahazi na aandike leo, mbele ya mashahidi, atakalomlipa baharia wake akiumia. Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wa aliyemtumia mwajiriwa akamnyima ujira wake. Mguu uliovunjika katika kazi yako ni zaidi ya ujira.

Wabillahi tawfiq.