Milia ya Mti na Milia ya Brashi

Kila mwaka wanafunzi wa useremala huniuliza swali lile lile: je, ni halali kuupaka mti wa kawaida rangi ili ufanane na mti ulio bora zaidi? Nami kila mara hujibu kwa mfano wa bunduki. Wengine hucheka, maana ikitajwa bunduki sisi sote hufikiri chuma tu. Lakini nusu ya bunduki ya zamani ni kazi ya seremala, na ni vyombo vichache vinavyoweza kumwumbua seremala upesi kama hicho.

Kwanza tuelewane majina. Mtutu, yaani ile bomba ya chuma ipitayo risasi, hulazwa pamoja na mtambo wake ndani ya mti uliochongwa. Mwisho wa mti huo ni kitako, ambacho mpigaji hukitegemeza begani. Baina ya kitako na mtambo, mti hufanywa mwembamba ili mkono upate kuushika barabara, na hapo nitapaita shingo. Bunduki ikilia hurudi nyuma kwa kishindo; watu husema imepiga teke. Teke hilo hupita shingoni kabla ya kufika begani, na shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote, tena imeinama kuelekea chini.

Kila mtoto wa mkulima anajua habari za mpini wa jembe. Nyuzi za mti zikienda sawa na urefu wa mpini, utalima misimu mingi. Zikiukatiza mpini kishazari, siku utakapogonga jiwe utabaki na kipande mkononi. Shingo ya bunduki ni hivyo hivyo. Nyuzi hazina budi kuifuata ile shingo inavyoinama, toka mtamboni mpaka kwenye kitako. Zikikatiza hapo, teke moja baya au kuanguka mara moja kwatosha kuipasua.

Sasa ndipo yanapokuja matata. Uzuri wa mti, yale mawingu, milia na macho ya mviringo tunayoyapenda, hutoka mahali ambapo nyuzi hazikunyooka. Mti uliosimama wima msituni bila taabu huwa na nyuzi nyofu, nao ukipigwa randa hauna la kujisifia. Lakini pale shina linapokutana na mizizi, au linapogawanyika matawi mawili, nyuzi hubanana na kujisokota, na hapo ndipo penye mapambo. Kwa hiyo sehemu iliyo nzuri kwa macho mara nyingi ndiyo iliyo dhaifu kwa kazi.

Mafundi wa Ulaya waliulewa ugumu huu zamani. Mti wanaoupenda ni mjozi, ule uzaao jozi, kwa sababu ni mgumu bila kuwa mzito mno, hauchezi sana baada ya kukauka, na hukubali patasi. Katika viwanda vya London, kama kile cha James Purdey kilichoanzishwa mwaka 1814, fundi huugeuzageuza ubao wa mjozi kwa muda mrefu kabla ya kuugusa kwa msumeno. Hutafuta namna ya kuuchora umbo la bunduki juu yake hivi kwamba mawingu yote yaangukie kwenye kitako, ambako mti ni mnene na hauwezi kuvunjika kwa urahisi, na nyuzi nyofu ziangukie shingoni. Ubao wa namna hiyo ni adimu, ndiyo maana bei yake hutisha. Akiisha kuuchonga, huusugua kwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo kwa kiganja, siku nyingi mfululizo. Desturi yao ya kale ni kutia ndani ya mafuta hayo wekundu wa mizizi ya mmea uitwao alkaneti. Wekundu ule hauandiki kitu juu ya mti. Huyatia joto mawingu yaliyokuwamo tangu zamani.

Huko Marekani habari ilikwenda njia nyingine. Katika karne ya 18, mafundi wa asili ya Ujerumani na Uswisi waliokaa Pennsylvania, hasa upande wa Lancaster, walianza kutengeneza bunduki ndefu za kuwindia. Nyingi zilikaribia urefu wa mtu, na mti wake ulikuwa mmoja toka kitako hata karibu na mdomo wa mtutu. Kwao Ulaya walizoea mjozi, lakini katika nchi mpya wengi walichagua mepo, mti ambao jani lake liko katika bendera ya Kanada. Mepo ni mweupe, hauna makuu. Ila miti michache ya mepo ina nyuzi zinazokwenda kama mawimbi ya maji. Ukiipasua na kuipiga randa, huonyesha milia iliyokatiza ubao toka ukingo hadi ukingo, kama mgongo wa fidla. Naam, migongo ya fidla nzuri hutengenezwa kwa mti wa namna hiyo hiyo.

Milia hiyo yafaa tuitazame vizuri. Si rangi. Ni mwanga. Uzi unapopanda wimbi randa hukata ncha yake, na unapolala randa hupita ubavuni mwake. Ncha humeza mwanga na ubavu huurudisha. Kwa hiyo ukiugeuza ubao kidogo mbele ya dirisha, mlia uliokuwa mweusi huwa mweupe, na mweupe huwa mweusi. Hapa kwetu Uganda huhitaji kwenda Pennsylvania ili uyaone haya. Tafuta kipande cha mahogani wa Budongo kilichopasuliwa kuelekea moyo wa gogo, kipige randa, kisha tembea ukikipita huku ukikitazama. Nyuzi zake hupishana, tabaka hili likielekea huku na lile kule, nayo mistari yake mipana hugeuka kadiri unavyotembea.

Mafundi wa Lancaster waliikuza milia ya mepo kwa asidi ya nitriki iliyoyeyushiwa chuma. Waliipaka juu ya mti mweupe, kisha wakakaribisha chuma cha moto. Mti uligeuka hudhurungi mbele ya macho, kwa kuwa chuma kilichomo katika asidi huwa kutu kwa joto lile. Zile ncha za nyuzi hunywa asidi zaidi kuliko mbavu, basi milia hutokea kwa nguvu. Lakini angalia jambo moja: ukiifanya kazi hiyo hiyo juu ya mepo usio na mawimbi, utapata hudhurungi tupu. Dawa hiyo haijui kusema uongo.

Brashi hujua. Mepo wenye milia ulikuwa haba, na watu waliutaka wote. Basi wakatokea mafundi waliochukua mepo wa kawaida na kuuchora milia kwa rangi nyeusi. Anayejulikana sana kwa kazi hiyo ni Henry Leman wa Lancaster, aliyeanza kiwanda chake mwaka 1834 na kufariki mwaka 1887. Alitengeneza bunduki nyingi sana, na sehemu kubwa ziliuzwa kwa Wahindi Wekundu, wenyeji wa Marekani, waliowinda katika nchi za magharibi. Bunduki zake nyingi zilizosalia hata leo zina milia iliyotiwa kwa mkono.

Je, Leman alikuwa tapeli? Wanafunzi wangu wengi husema ndiyo, bila kusita. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mtu awindaye mbali na kijiji, akianguka na farasi wake, hahitaji shingo yenye mawimbi mazuri. Ahitaji nyuzi nyofu. Mepo wa kawaida wa Leman huenda ulimfaa kuliko mepo wa fahari ambao mawimbi yake yamefika mpaka shingoni. Bunduki zake zilikuwa imara na za bei nafuu. Milia ilikuwa nguo tu, na nguo si wizi. Wizi huanza mahali pawili: muuzaji akidai bei ya milia ya kweli, au rangi ikifunika nyuzi zilizokatiza shingoni au ufa uliozibwa kwa gundi. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu aliyedanganywa bei hupoteza fedha tu, lakini aliyefichwa ufa huishika silaha ile karibu na uso wake.

Yako pia mapambo yasiyomdanganya mtu yeyote. Waarabu wa Omani walizifunga bunduki zao za utambi kwa pete za fedha, na hakuna atakayeidhani fedha kuwa imeota mtini. Tena wale mafundi wa London huichora shingo mistari midogo iliyopishana kama wavu. Ni pambo, lakini kazi yake ni kuuzuia mkono wenye jasho usiteleze.

Majeshi hayakushughulika sana na uzuri. Bunduki za Lee-Enfield walizobeba askari wa King's African Rifles, wakiwamo babu zetu waliofika Burma mwaka 1944, zilikuwa na miti ya kawaida iliyopakwa mafuta. Wajerumani kwa Mauser zao, na baadaye Warusi kwa AK, walitumia sana mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka. Kisha mwaka 1959 kampuni ya Remington ya Marekani ilianza kuuza bunduki ndogo iitwayo Nylon 66. Hiyo haikuwa na mti hata kidogo. Ilikuwa nailoni, lakini nailoni yenyewe ilitiwa rangi ya hudhurungi yenye michirizi ili mnunuzi aone kama ni mjozi! Leman angecheka.

Mtu akikuonyesha bunduki ya kale, au fidla, au hata meza, na kukuambia milia yake ni ya asili, usibishane naye. Bunduki, ikiwa ni bunduki, ashike mwenyewe mwenye kibali, nawe utazame. Mwombe aigeuze polepole mbele ya dirisha. Milia ya kweli itabadilishana weusi na weupe. Iliyochorwa itabaki pale pale ilipopakwa. Tazama pia mahali panaposhikwa sana: rangi hufutika hapo kwanza. Na kama mwenyewe yuko tayari kuutoa mtutu, chungulia ndani ya mfereji ulimolala. Humo hakuna aliyehangaika kupaka kitu. Mawimbi ya mti hupita toka nje hata ndani, na katika mfereji huo utayaona, au utaona mti mweupe mtupu. Ukiisha kuona hayo, fuata nyuzi kwa jicho toka mtamboni mpaka kitakoni, uone kama zimekwenda pamoja na shingo au zimeikatiza.