Ubao Usiojulikana Utazamwe Kichwani

Ubao ukishafika karakana, umekwisha kupoteza karibu kila kitu ambacho mtu wa msituni angeutambulia. Mninga uliosimama porini hauna shida: ukichanjwa gome unatoka utomvu mwekundu kama damu, na matunda yake ni ya duara, yana bawa pembeni na miiba katikati. Ubao hauna gome, jani wala tunda. Umebakiwa na rangi, na rangi ni shahidi dhaifu kuliko wote. Jua huibadilisha, vanishi huikoleza, na dawa ya kupaka hugeuza mbao za bei nafuu kuwa “mninga” kwa mchana mmoja.

Kwa hiyo kila anayeniletea kipande na kuniuliza ni mti gani, ninaanzia kichwani pa ubao, pale msumeno ulipokatiza nyuzi. Hapo ndipo mti unapoonyesha ulivyojengwa. Msumeno, hata hivyo, huacha nyuzi zimechanika na kujaa vumbi, na kupiga msasa huziba vitundu zaidi. Kinachofaa ni wembe mpya. Loanisha sehemu yenye ukubwa wa ukucha, kisha ikate juu juu kwa pigo moja jepesi. Mti mgumu sana utahitaji patasi iliyonolewa vizuri. Chagua sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea, kwa sababu mbao nyeupe za nje hufanana katika miti mingi.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10, ya aina wanayotumia masonara. Iweke karibu kabisa na jicho, ndipo usogeze ubao mpaka picha itulie. Simama kwenye mwanga wa mchana.

Vitundu utakavyoviona ni mishipa iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai. Katika mtiki, ambao wengine huuita msaji, vile vikubwa hujipanga mstari mwanzoni mwa kila msimu wa kukua, na ubao wenyewe una mafuta mkononi na harufu ya ngozi kuukuu. Katika mkongo, kila kitundu kimezungukwa na tishu ya rangi hafifu iliyochongoka pande mbili, umbo la almasi. Katika mvule tishu hiyo haikomei kwenye kitundu kimoja. Inaungana na ya jirani na kuwa mikanda ya mawimbi. Mpangapanga una mikanda myeupe na myeusi inayopishana kwa unene unaokaribiana, na ndiyo inayoupa uso wake ile mistari mizuri. Mninga una vitundu vinavyopungua ukubwa kadiri msimu unavyosonga, pamoja na vistari vyembamba vya mawimbi. Ukigeuza ubao wa mninga na kuutazama ubavuni kwa lenzi ileile, utaona vimistari vidogo sana vya kukingama vilivyopangika kwa safu. Mvule hauna alama hiyo.

Uzito nao husema mengi, lakini usiupime kwa kuinua tu. Kata kipande kikavu chenye pande zilizonyooka, zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, kisha gawanya gramu zake kwa jibu hilo. Mninga huwa karibu na 0.6, mkongo karibu na 0.8. Kiini cha mpingo hupita 1.2, na kwa hiyo huzama majini. Kinyago kinachouzwa kwa jina la mpingo kikielea, kimechongwa kwa mti mwingine uliopakwa weusi.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahitaji glasi ya maji safi. Tia maranda machache ya kiini cha mninga, yaache yaloweke, kisha imulike glasi gizani kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Maji yatatoa mng’ao wa buluu. Jambo hili lina historia ndefu: katika karne ya 16 Nicolás Monardes, tabibu wa Sevilla, aliandika habari za mti kutoka Mexico uliogeuza maji kuwa buluu. Mti ule haukuwa mninga, ingawa ni wa familia hiyohiyo ya kunde, na kwa sababu hiyo mng’ao peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Lazima ukubaliane na kile kilichoonekana kichwani pa ubao.

Mkongo una dalili yake: unga wa manjano ndani ya vitundu, ambao hutia madoa kitambaa kibichi kikiachwa juu yake. Mvule wakati mwingine huficha mawe ya kalsiamu kabonati yanayoharibu meno ya msumeno. Fundi aliyewahi kuyagonga hasahau. Vumbi la mvule, pamoja na la miti mingine mingi migumu, huwasha ngozi na kifua, basi vaa barakoa, na usionje ubao wowote ili kuutambua.

Njia hizi mara nyingi hukufikisha kwenye jenasi, yaani ukoo wa miti, si kwa mti mmoja. Mninga na mkurungu, ambao kusini mwa Kongo na Zambia hujulikana kama mukula, ni wa jenasi moja, Pterocarpus, na lenzi haiwezi kuahidi kuitenganisha. Si jambo dogo. Biashara ya kimataifa ya mpingo na jamaa zake wote wa Dalbergia imekuwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, na mkutano wake wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza Pterocarpus, mikongo na mikangazi yote ya Afrika. Anayetaka kusafirisha mbao nje ya nchi anahitaji jina sahihi kabla ya kufika bandarini, na pale lenzi inapokwama kazi huenda maabara. Ile ya wanyamapori ya serikali ya Marekani, mjini Ashland, Oregon, hutenganisha miti kwa kusoma kemikali za kibanzi kidogo tu.

Kwa fundi wa kawaida, msaada mkubwa ni sanduku la vipande vya kulinganishia. Kusanya vipande vya miti uliyoiona mwenyewe ikiangushwa, au ulivyopewa na bwana misitu anayeijua, na kila kimoja ukiandike kwa penseli jina, mahali na mwaka. Kipande kilichopatikana kwa neno la muuzaji kisiingie humo.