Kufinyanga Mapambo kwa Kuyaiga Maumbile: Somo la Darasa la Tano

Mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha Kibaigwa asilalamike kwamba somo la sanaa halina vifaa. Udongo wa mfinyanzi hutafutwa mabondeni na kwenye kingo za makorongo. Vielelezo ni majani ya mkwaju, maganda ya mgunga na gome la mbuyu. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, basi anayefundisha Agosti atumie gome na mbegu.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliwaongoza watoto kufinyanga vidani arobaini, nikavichoma siku ya tatu kwa mabua ya mahindi. Kabla moto haujapamba tulisikia milio kama ya bisi; vilivyosalia vizima vilikuwa sita. Mtoto mmoja aliokota vipande vya jani lake, akavifunga katika leso, wala hakuniuliza neno. Kosa lilikuwa langu, na kiini chake ni maji.

Udongo unaoonekana mkavu bado una unyevu ndani. Joto lifikapo nyuzi 100 unyevu huo hugeuka mvuke, nao huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya maji. Usipopata njia, huupasua udongo. Kwa hiyo changanya udongo na vigae vilivyosagwa, kiasi cha sehemu moja kwa tano, ili mvuke upate vipenyo. Pambo lisizidi unene wa nusu sentimita. Likauke kivulini kwa juma zima au zaidi, kisha liweke shavuni: likikupa ubaridi, bado lina maji.

Ili kuupima udongo, viringisha kamba nyembamba na kuizungusha kidoleni. Ikikatika, mchanga umezidi. Jani ligandamizwe kwa upande wa chini, ambako mishipa imetokeza, kisha libanduliwe taratibu. Usiwachoree watoto jani ubaoni wainakili. Hapo utapata majani arobaini ya mwalimu. Tundu la uzi litobolewe udongo ungali laini, nalo liwe pana, kwani litasinyaa.

Kusinyaa huko ni somo la hesabu. Kila kikundi kichore mstari wa sentimita 10 juu ya bapa la udongo, kiupime tena baada ya kukauka na baada ya kuchomwa, kisha kitafute asilimia iliyopungua.

Watoto wapende kujua kwamba kazi hii ina heshima. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanajulikana kwa vyungu vyao vyenye nakshi; na huko Karen, Nairobi, karakana ya shanga za udongo ya Kazuri ilianzishwa mwaka 1975 na Susan Wood.

Sasa moto. Mabua huwaka ghafla, kwa hiyo yasitangulie. Pasha mapambo kando ya makaa kwa saa mbili, ukiyageuza. Kisha yafunike kwa samadi kavu na magunzi, ambayo sokoni Kibaigwa si haba. Udongo ukipita nyuzi 600 hivi haurudi tena kuwa tope. Moto uwashwe na mwalimu, watoto wakae mbali, upepo ukiwa umetulia. Majivu yaachwe hadi asubuhi. Ndipo kila mtoto achimbue pambo lake, akilitambua kwa alama aliyoichora nyuma.