Kabla ya Kubomoa Ukuta: Ukarabati Katika Jengo la Wamiliki Wengi

Mwenye duka la chini anataka kubomoa ukuta ili duka lipanuke. Ndugu yake wa ghorofa ya juu anataka kuhamisha bafu. Wote wawili ni wamiliki halali, na kila mmoja anaamini kwamba chake ni chake. Hapo ndipo ugomvi huanzia, na wakati mwingine ndipo nyufa huanzia.

Katika soko kama la Kikima, jengo lenye maduka chini na vyumba vya kupangisha juu huweza kuwa na wenyewe kadhaa: ndugu waliorithi ploti ya baba, au wanachama waliochanga wakajenga. Wanaopanga kukarabati wanashauriwa kwanza kutazama hati ya ploti, kwa maana jibu la nani aruhusu nini limo humo.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua umiliki wa pamoja wa aina mbili. Katika aina ya kwanza hakuna hisa. Mmoja akifariki, haki yake huwaendea waliobaki. Katika ya pili kila mtu ana hisa yake, lakini hisa si chumba. Mwenye theluthi moja ana theluthi ya ploti nzima, kuanzia msingi hadi mabati. Chumba alichokikalia miaka 20 ni chake kwa maelewano ya familia tu. Hawezi kumuuzia mtu wa nje hisa hiyo bila idhini ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya maana. Kwa hivyo anayetumia akiba yake kuweka vigae na madirisha mapya katika “chumba chake” anaboresha mali ya wote. Makubaliano ya nani atarudishiwa nini yaandikwe na kutiwa sahihi kabla simiti haijanunuliwa. Baadaye huwa ni kumbukumbu ya mmoja dhidi ya mwingine.

Njia nyingine ipo. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28, 2020 na kuchukua nafasi ya ile ya 1987, inaruhusu kila nyumba au duka ndani ya jengo kuwa na hati yake. Ploti iwe ya umiliki wa kudumu, au ya kukodi iliyobakiza angalau miaka 21. Mpimaji ardhi mwenye leseni huchora ramani ya sehemu, nayo ikisajiliwa, wamiliki wote huwa shirika moja linalosimamia sehemu za pamoja, kama vile ngazi na paa.

Paa ndilo huleta maneno. Mwenye duka la chini husema, “Mimi hainivujii.” Chini ya sheria hii hoja hiyo haina nguvu. Kila mmiliki huchangia gharama za sehemu za pamoja kulingana na kiwango kilichowekewa sehemu yake. Kila sehemu pia ina haki ya kuegemezwa na kubebwa na nyingine, na ya kupitishiwa maji, majitaka na umeme. Mwenye chini hawezi kuondoa kinachombeba wa juu, naye wa juu hawezi kuziba bomba kwa kuwa limepita jikoni mwake.

Ukuta wa matofali usio na nguzo za zege kando yake huenda ndio unaobeba slabu yote. Fundi akigonga na kusema “huu ni wa kugawanya tu,” hilo si jibu. Aitwe mhandisi aliyesajiliwa. Tangi la maji nalo huchukuliwa kijuujuu. Lita 5,000 za maji ni tani tano, kabla ya kupima tangi lenyewe, na jengo la zamani huenda halikuwekewa hesabu hiyo.

Madhara ya kuchelewa yalionekana Surfside, Florida, nchini Marekani, Juni 24, 2021. Sehemu ya jengo la ghorofa 12, ambalo kila nyumba ilikuwa na mwenyewe, iliporomoka usiku na kuua watu 98. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imeonya kuhusu uharibifu wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea, ambako maji yalikuwa yakipenya. Wamiliki walijadili gharama kwa muda mrefu, na matengenezo makubwa ya zege yalikuwa hayajaanza.

Makubaliano ya wamiliki hayaondoi haja ya kibali. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka ujenzi uidhinishwe na serikali ya kaunti kwanza. Kuongeza ghorofa, kugusa kuta na nguzo zinazobeba jengo au kugeuza vyumba vya kulala kuwa maduka ni mambo ya kupelekwa kwa afisa wa mipango mapema. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Mwanakandarasi naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Wakishindwa kuelewana, wamiliki wa mali za sehemu huanza kwa kamati ya ndani ya kutatua mizozo, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ndugu wenye hati moja hawana kamati ya aina hiyo kisheria. Wanaweza kutumia wazee wa ukoo au upatanishi, mradi wanayoafikiana yaandikwe.

Kwa kazi ya paa, mikutano hiyo imalizike mapema. Mvua za vuli huanza Oktoba, na mabati yaliyofunguliwa huku wenyewe wakibishana hulowesha vyumba vyote vya chini.