Bwawa Dogo la Watoto: Kulinunua ni Siku Moja, Kulitunza ni Kila Siku

SOMO LA AFYA

Watoto wanapenda maji. Jua likiwa kali, hawatangoji ruhusa. Watakwenda mtoni, lamboni au kwenye shimo lililochimbwa udongo wa matofali. Huko kuna kina kirefu, kuna tope, na kuna konokono wa kichocho. Kwa sababu hiyo wazazi wengine hununua bwawa dogo la plastiki na kuliweka uani. Wengine huletewa na ndugu zao waishio mjini.

Je, bwawa hilo ni salama? Linaweza kuwa salama. Lakini halilindi mtoto lenyewe. Anayemlinda mtoto ni mtu. Hilo ndilo jambo kubwa katika somo la leo.

BWAWA HILI NI NINI?

Bwawa hili halichimbwi. Hukaa juu ya ardhi. Liko la aina mbili.

Aina ya kwanza ni bwawa dogo sana, kama beseni kubwa. Lingine ni la plastiki ngumu, lingine hupulizwa kwa pumzi au pampu ya baiskeli. Maji yake humfika mtoto magotini.

Aina ya pili ni bwawa kubwa zaidi. Lina ukuta wa turubai nene na mara nyingi lina nguzo za chuma. Huuzwa pamoja na pampu na chujio la kusafishia maji.

PIGA HESABU KABLA YA KUNUNUA

Watu wengi huuliza bei ya dukani tu. Bei hiyo hulipwa mara moja. Maji hulipiwa kila mara. Basi tupige hesabu ya maji.

Tuseme bwawa kubwa ni la duara. Upana wake kutoka ukuta hadi ukuta ni meta 3. Kina cha maji ni sentimeta 60, yaani meta 0.6.

1. Chukua nusu ya upana. Ni meta 1.5.
2. Zidisha 1.5 kwa 1.5. Unapata 2.25.
3. Zidisha 2.25 kwa 3.14. Unapata 7.065.
4. Zidisha 7.065 kwa kina, yaani 0.6. Unapata karibu 4.24.
5. Zidisha 4.24 kwa 1,000. Unapata lita 4,240.

Ndoo moja kubwa ni lita 20. Gawanya 4,240 kwa 20. Unapata ndoo 212.

Nani atateka ndoo 212? Kama safari moja ya kisimani huchukua nusu saa, hizo ni saa 106 za kazi. Mara nyingi kazi hiyo huwaangukia mama na binti zake. Haifai watoto wafurahi kwa mgongo wa mama yao. Mahali ambapo maji hubebwa kichwani, bwawa kubwa halifai.

Sasa tazama bwawa dogo. Upana ni meta 1.2 na kina ni sentimeta 20. Ukipiga hesabu kwa njia ile ile utapata lita 226, yaani ndoo 11 na kidogo. Watoto wadogo watafurahi vile vile. Jioni maji hayo yatamwagilia mchicha na migomba.

MAHALI PA KULIWEKA

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo bwawa la lita 4,240 lina uzito wa zaidi ya tani 4. Likiwekwa penye mteremko, maji yataegemea upande mmoja. Ukuta utapasuka na maji yatawasomba watoto.

Fanya hivi:

- Chagua mahali tambarare. Pima kwa ubao mrefu na pimamaji.
- Kama kuna mwinuko, uchonge. Usijaze udongo mbichi upande wa chini, kwa sababu utadidimia.
- Ondoa mawe, visiki na mizizi. Tandaza mchanga laini, kisha turubai kuukuu.
- Kaa mbali na choo, zizi na nyaya za umeme.
- Weka mahali unapopaona vizuri, si nyuma ya nyumba palipojificha.

MTOTO HUFA MAJI KIMYA KIMYA

Wahenga walisema, mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtu mzima mtoni, huenda ikawa hivyo. Lakini mtoto mdogo mara nyingi hatapitapi wala hapigi kelele. Kichwa chake ni kizito kuliko anavyoweza kukiinua. Akianguka kifudifudi, pua na mdomo huzama, naye hawezi kuita. Sentimeta chache za maji zinatosha. Dakika chache zinatosha. Mama aliye jikoni hatasikia kitu.

Kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hawa si wavuvi wala mabaharia. Ni watoto wa umri wa kuchezea ndoo na beseni.

Kwa hiyo shika kanuni hizi:

1. Awepo mlinzi mmoja anayejulikana. Watu wazima wakiwa watano, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Mpeni mlinzi kofia. Mwenye kofia hapiki, hasuki mkeka, hachezei simu, hanywi pombe. Akitaka kuondoka, amvike mtu mzima mwingine kofia hiyo kwanza.

2. Mlinzi wa mtoto wa chini ya miaka 5 akae karibu, mahali ambapo mkono wake unamfikia mtoto.

3. Mtoto wa miaka 8 si mlinzi. Anaweza kumpenda sana mdogo wake, lakini hawezi kumwokoa. Usimtwike mzigo huo.

4. Bwawa dogo limwagwe na kufudikizwa kila mara mchezo unapokwisha. Usiseme, “Nitalimwaga baadaye.” Mtoto anaweza kurudi peke yake baada ya dakika tano.

5. Bwawa kubwa lizungushiwe ua pande zote nne, wenye urefu usiopungua meta 1.2. Mlango wake ujifunge wenyewe, na komeo liwe juu. Ukuta wa nyumba usiwe upande mmoja wa ua kama una mlango wa kutokea bwawani.

6. Ondoa ngazi baada ya kuoga. Ondoa pia mipira na vikombe majini. Mtoto akiona mpira wake unaelea, ataufuata.

7. Usitegemee turubai la kufunikia. Mtoto anaweza kuangukia juu yake, akazama nalo bila kuonekana.

8. Maboya ya kupulizwa ya mikononi ni vitu vya kuchezea. Hayamwokoi mtoto.

Mtoto mkubwa wa miaka 6 na zaidi afundishwe kuogelea na mtu anayejua. Nchini Bangladesh, ambako watoto wengi hufa maji kwenye madimbwi karibu na nyumba zao, mabwawa ya kuhamishika yaliyowekwa juu ya ardhi yametumika kufundishia kuogelea. Lakini hata mtoto anayejua kuogelea atazamwe.

MAJI SAFI NA MAJI YANAYOONEKANA SAFI

Maji ya bwawa huingiwa na jasho, mkojo, vumbi na kinyesi kidogo kinachobaki mwilini. Mtoto anapocheza huyameza. Hapo ndipo ugonjwa wa kuhara hupita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine.

Bwawa dogo: mwaga maji kila siku. Lisugue kwa sabuni, lisuuze, kisha likauke juani. Hiyo ndiyo dawa yake kubwa.

Bwawa kubwa haliwezi kumwagwa kila siku. Linahitaji mambo matatu: chujio, klorini na kipimo.

Chujio huondoa uchafu unaoonekana. Pampu iendeshwe kila siku, na chujio lioshwe au libadilishwe kama kitabu chake kinavyoeleza. Pampu ya umeme ifungwe na fundi, pamoja na kifaa cha kukata umeme mara tu hitilafu inapotokea. Umeme na maji ni maadui. Waya usiguse maji kamwe.

Klorini huua vijidudu visivyoonekana. Kiasi kinachofaa ni miligramu 1 hadi 3 katika kila lita ya maji. Tuchukue 2. Kwa lita 4,240 tunahitaji miligramu 8,480, yaani karibu gramu 8.5 za klorini halisi. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 si klorini tupu. Kwa hiyo tutahitaji karibu gramu 13 za unga huo. Hicho ni kiasi kidogo sana! Soma maandishi ya kopo, kwa maana nguvu ya dawa hutofautiana. Usimimine kwa kukisia. Kujua kusoma ni kinga.

Namna ya kuweka ni hii. Jaza maji ndoo ya plastiki. Tia unga ndani ya maji, si maji juu ya unga. Koroga kwa mti. Mimina bwawani jioni, watoto wakiwa wametoka. Usichanganye klorini na asidi, sabuni wala klorini ya aina nyingine. Mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu au kuwaka moto. Kopo lifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Kipimo ni vikaratasi vinavyobadilika rangi. Huonyesha klorini, na pia kama maji ni makali au la. Kipimo cha ukali kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Pima kabla watoto hawajaingia. Harufu kali ya klorini haina maana kwamba maji ni safi. Mara nyingi ni dalili kwamba klorini imekutana na jasho na mkojo.

Kama huoni sakafu ya bwawa vizuri, mtu yeyote asiingie.

Mtoto anayehara asiingie bwawani kabisa. Kuna kijidudu kimoja cha kuhara, kriptosporidiamu, ambacho huweza kuishi siku nyingi hata ndani ya maji yenye klorini. Mtoto aliyeugua kwa kijidudu hicho angoje wiki 2 baada ya kupona. Watoto wote waoge kwanza, na waende chooni kwanza.

KICHOCHO NA MBU

Kama maji yanatoka mtoni, ziwani au lamboni, yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono na huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Visipopata mtu, hufa baada ya siku 2 hivi. Basi chuja maji, hakikisha hakuna konokono, yaache siku 2 ndani ya chombo kilichofunikwa, ndipo yatumike.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wanavijiji wa Tanzania walijifunza kupambana na malaria kwa kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Bwawa lisilotunzwa ni dimbwi lile lile, tofauti ni kwamba limenunuliwa. Mbu hutoka kuwa yai hadi kuruka kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi katika joto. Mbu wa homa ya dengi hutaga mayai yake kwenye kuta za vyombo vya maji. Kwa hiyo kumwaga hakutoshi. Sugua kuta pia. Mvua zikianza, kausha bwawa, likunje, liweke ndani.

MTOTO AKIZAMA

1. Mtoe majini mara moja. Piga kelele watu waje, na mmoja atafute gari.
2. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu chake. Tazama kama anapumua.
3. Kama hapumui, ziba pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, upulize mpaka kifua kiinuke. Kwa mtoto mchanga, funika pua na mdomo pamoja. Anza kwa pumzi 5.
4. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa haraka, mpaka kiingie theluthi moja ya unene wake. Halafu pumzi 2. Endelea hivyo hivyo mpaka apumue au mganga afike.
5. Usimning’inize kichwa chini. Usimkamue tumbo. Hayo hupoteza muda na yanaweza kumziba pumzi kwa matapishi.
6. Hata akizinduka na kucheka, mpeleke zahanati. Mapafu yanaweza kuugua baadaye.

TUKUMBUKE

Bwawa lenye mlinzi, maji safi na kazi ya kila siku ni furaha kwa watoto. Likikosa hayo, ni hatari tuliyoileta wenyewe uani. Kama nyumbani hakuna mtu wa kukaa na kutazama, usijaze bwawa siku hiyo. Mwage mtoto maji ya ndoo mbili chini ya mwembe. Atacheka vile vile, na jioni atakula pamoja nanyi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Bwawa lina upana wa meta 2 na kina cha meta 0.5. Litachukua lita ngapi? Ni ndoo ngapi za lita 20?
2. Kwa nini mtoto wa miaka 8 hafai kuwa mlinzi?
3. Taja vyombo vya maji vilivyo nyumbani kwako ambamo mtoto mdogo anaweza kuzama. Utavifanyia nini leo?
4. Katika kijiji chetu watoto huoga wapi? Nani huwatazama?