Uji Mtupu Haumtoshi Mzee



Wodini mara nyingi tunapokea mzee aliyeanguka nyumbani. Miguu imekonda, hawezi kuinuka kitini bila kushikwa. Tukiuliza anakula nini, wanawe hujibu, "Uji tu, Sista. Ni uzee." Kweli uzee upo, lakini chakula nacho kina sehemu yake.

Misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa wanadamu na kwa wanyama pia. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa wanyama, kwa kuwa chakula chao huweza kupimwa kila siku.

Huko Wisconsin, Marekani, uchunguzi wa kima ulianza mwaka 1989. Kundi moja lilikula kama kawaida. Jingine lilipunguziwa kalori kwa asilimia 30, bila kupunguziwa vitamini na madini. Walipozeeka, hao waliopunguziwa walipoteza misuli polepole zaidi. Lakini tusikosee: walianza wakiwa wazima wenye afya. Hii si ruhusa ya kumnyima chakula mzee aliyekwisha kukonda.

Nchini Ufaransa walichunguzwa panya. Baada ya mlo, mwili wa panya mzee ulijenga misuli kwa uvivu kuliko wa panya kijana. Chakula chake kilipoongezwa leusini, ambayo ni sehemu ya protini, kazi hiyo ya ujenzi baada ya mlo ilirudi kama ya kijana. Leusini imo katika maziwa, mayai, nyama, samaki na maharage.

Tunajifunza nini? Mzee hula kidogo. Basi hicho kidogo kiwe na protini. Uji mtupu una wanga mwingi na protini haba.

Tufanye hivi nyumbani:

1. Uji wake utiwe maziwa au karanga zilizosagwa.
2. Mchana na jioni apate maharage, kunde, dagaa au yai. Kama hana meno, tumpondee.
3. Ainuke na kutembea kila siku kadiri awezavyo, kwani misuli isiyotumika hupungua hata kwa anayekula vizuri.
4. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza kabla ya kuongeza protini. Anayekonda upesi aletwe hospitali. Huenda ni kifua kikuu au kisukari.

Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Heshima hiyo na ianzie jikoni.